PLAKE YA JUA KATIKA UKUNGU WA BUTEMBO: BARIDI HAINA MAKOSA



Asubui moja moja, wakati mvua imesafisha hewa, mtu wa Beni anaweza kugeukia upande wa jua kutoka na kuona kitu ambacho watu wengi wa Afrika hawajakiona na macho yao: theluji. Iko pale juu ya Ruwenzori, kwenye kilele cha Margherita, metre 5109, mpakani kati yetu na Uganda. Mwaka 1906 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipopanda huko, barafu ilifunika karibu kilometre 7 za mraba. Kufika mwaka 2003 ilibaki kama 1 tu. Barafu inakwisha polepole, wazee wanaona tofauti.

Lakini leo si habari ya mlima. Ni habari ya nyumba zetu zilizo chini ya mlima, na ya hizi plake za jua ambazo sasa ziko juu ya kila bati, tokea Kasindi mpaka kareri za Mangurujipa. Kila mara majira ya mvua yanaporudi, watu wananiletea neno lilelile: "Pasta, hizi plake zinapenda joto. Kwa Beni iko natumika muzuri. Huku kwetu Butembo baridi iko nayiua."

Ni kweli kwamba mwezi wa kumi televizio nyingi za Butembo zinazimika mbele ya habari kwisha. Ni kweli pia kwamba Butembo, juu ya metre 1700, ni baridi kuliko Beni. Lakini mambo hayo mawili hayafungani namna watu wanavyofikiri, na kwa sababu ya kosa hilo familia zinapoteza feza nyingi. Kwa hiyo tufungue jambo hili vizuri.

PLAKE HAILI JOTO

Plake inakula mwanga, haili joto. Vile vipande vyeusi ao vya bluu ndani ya kioo vinaitwa silikoni. Silikoni inatoka katika jiwe la kwarzi, lile jiwe jeupe ambalo mchimbaji wa zahabu analijua sana, kwa maana mara nyingi anachotafuta kimejificha ndani yake. Mwaka 1954 wataalamu wa maabara ya Bell, huko Marekani, walionyesha plake ya kwanza ya silikoni iliyotoa umeme wa kutosha kwa kazi. Mwanga unapogonga silikoni, unasukuma chembe ndogo sana za umeme, nazo zinakimbia katika waya. Basi. Joto halina kazi pale. Zaidi ya hayo, joto ni adui.

Wanaotengeneza plake wanaipima ikiwa na joto la nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo inapunguza nguvu yake kidogo, karibu asilimia 0,4. Si neno kubwa, utasema. Lakini tazama: saa sita ya mchana, Beni, hewa ikiwa na nyuzi 30, plake yenyewe iliyolala juu ya bati inaweza kufika nyuzi 60 na kupita. Ukiigusa, unaondoa mkono upesi. Nyuzi 35 za ziada zinakula karibu asilimia 14 ya nguvu yake. Plake ya wati 100 inabaki na 86. Jua lilelile, saa ileile, likiangaza Butembo penye hewa ya nyuzi 22, plake inatoa zaidi kidogo kuliko ile ya Beni. Kwa hiyo baridi haina makosa hata kidogo. Baridi ni rafiki.

Kama bado una mashaka, sikia hili. Wabelgiji wana kituo cha utafiti huko Antarctica, kwenye ncha ya kusini ya dunia, mahali ambapo barafu haiyeyuki. Kinaitwa Princess Elisabeth, nacho kilifunguliwa mwaka 2009. Kinapata umeme wake kwa upepo na kwa plake za jua. Kama baridi ingeua plake, za pale zingekufa siku ya kwanza.

BASI THELUJI INAFANYA NINI?

Wengi wetu tuna ndugu Ulaya ao Canada. Huko wanaweka plake juu ya nyumba, na kila mwaka theluji inaanguka juu yake. Ukiwauliza, watakuambia mambo mawili.

La kwanza: siku ya theluji iliyo na jua safi, plake isiyofunikwa inatumika ajabu. Hewa ni baridi, tena theluji nyeupe ya chini inarudisha mwanga juu kama kioo.

La pili: theluji ikifunika plake, umeme unakwisha. Theluji nyepesi inaacha mwanga kidogo upite, theluji nzito inafunga kabisa. Ndiyo maana wanasimamisha plake kwa mteremko mkali, ili theluji iteleze. Wengine wanafagia kwa ufagio mwororo wenye mti mrefu. Hawatumii chepeo ya chuma, itakwaruza kioo. Hawamwagi maji ya moto, kioo baridi kinaweza kupasuka.

Tena wana shida nyingine ambayo sisi hatuna. Mwezi wa kumi na mbili, mchana wa Bruxelles ni karibu saa 8 tu, na jua linatembea chini chini. Plake ya huko inatoa mwezi ule karibu sehemu moja ya tano ya inachotoa mwezi wa sita. Sisi, mstari wa Ekweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Mchana wetu ni karibu saa 12, Noeli kama Pasaka. Hatuna majira marefu ya giza. Sisi tuna siku mbaya zilizotawanyika kati ya siku nzuri, na ni jambo rahisi zaidi kulitengeneza, kama mtu anajua kuhesabu.

Theluji yetu ni nini basi? Ni ukungu unaolala katika mabonde ya Butembo mpaka saa nne ya asubui. Ni wingu zito la mwezi wa nne na wa kumi. Wingu kama hilo linaweza kuacha sehemu moja ya kumi tu ya mwanga, ao mbili, ao tatu. Ni vumbi nyekundu la barabara ya Beni wakati wa kiangazi. Zile kilometre 54 zinavaa nyumba zote za pembeni nguo moja. Na ni jani la mgomba.

Jani la mgomba nitalisimamia kidogo, kwa sababu watu wanalidharau. Ndani ya plake ya kawaida ya nyumba kuna vipande 36 vilivyofungwa kimoja nyuma ya kingine kama mnyororo. Nyinyi mnaoishi karibu na kareri mnaelewa upesi: watu wamesimama mstari tokea chini ya shimo mpaka juu, wanapitishana mifuko ya mchanga. Mmoja katikati akisimama kukohoa, mstari mzima unasimama, hata kama wengine 35 wana nguvu ya simba. Ndivyo ilivyo. Kivuli cha jani moja juu ya kipande kimoja kinaweza kuchukua nusu ya nguvu ya plake, si sehemu moja ya 36. Kuna vidude vidogo nyuma ya plake vinavyosaidia umeme kuzunguka mahali palipofungwa, lakini haviondoi hasara yote. Kata jani. Ao hamisha plake.

HESABU YA SIKU MBAYA

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwa maana hapo ndipo jambo hili linaumiza.

Butembo ilikua kuwa mji mkubwa wa biashara kwa miaka mingi bila umeme wa Serikali. Wenye nguvu waliwasha grupu, wengine walikaa na taa ya petroli ao kibatari. Beni ilipata mwaka 2017 mtandao mdogo wa umeme wa jua wa kampuni Nuru, wa kwanza wa namna ile katika inchi yetu. Hata hivi, kwa familia nyingi umeme ni ule ambao baba ao mama amejinunulia mwenyewe, na mara nyingi umenunuliwa na feza iliyotoka shimoni.

Katika nyumba moja ya Bulengera niliitwa kwa ugomvi. Baba anatumika kareri, anarudi nyumbani kila baada ya wiki sita ao nane. Alinunua vyombo vyote vya jua kwa mara moja: plake, bateri kubwa, ampule, televizio. Mwezi wa saba kila kitu kilikwenda sawasawa. Mwezi wa kumi aliporudi, akakuta giza saa mbili ya usiku. Akasema mama anaacha watoto washinde wanatazama filme. Mama akajibu: "Mwenyewe kaa hapa siku tatu utaona. Hatufungui hata televizio." Maneno yalikuwa yamefika kwa wakwe.

Tulikaa, tukaandika hesabu kwenye kitabu cha masomo cha mtoto. Fanyeni hivyo nyumbani mwenu. Inachukua nusu saa.

Andika kwanza kinachokula. Ampule tatu za LED za wati 5, kila moja saa 4 kwa usiku: 5 mara 3 mara 4, ni 60. Radio ya wati 5, saa 3: ni 15. Telefone mbili, tuseme 10 kila moja: ni 20. Jumla 95. Hiyo ndiyo lazima ya nyumba. Televizio ndogo ya wati 25, saa 3: ni 75 nyingine. Zote pamoja 170.

Kisha andika kinacholeta. Plake ya nyumba ile ilikuwa ya wati 50. Siku nzuri kwetu inatoa kama saa 4 za jua kamili. Mchana ni saa 12, ndiyo, lakini asubui na jioni jua ni dhaifu, kwa hiyo saa zote 12 zinakusanyika kuwa kama 4 za nguvu kamili, wakati mwingine 5. Wati 50 mara 4 ni 200. Ondoa karibu sehemu ya tatu inayopotea katika waya, katika joto na katika bateri. Inabaki kama 140. Kwa hiyo hata siku nzuri 170 haikufika. Mwezi wa saba bateri mpya ndiyo iliyokuwa inakopesha.

Siku ya ukungu na wingu? Saa moja na nusu ya jua kamili, pengine. Wati 50 mara 1 na nusu ni 75. Ondoa inayopotea, baki 50. Lazima ya nyumba ni 95. Mama alisema kweli: hata bila televizio, giza lilipaswa kuingia.

Baba alinyamaza, halafu akauliza swali la maana: "Sasa tufanye nini?" Akafikiri bateri kubwa zaidi. Muuzaji naye alikuwa amemshauri vile. Lakini bateri haizai umeme. Ni gala. Ukijenga gala kubwa mara mbili na shamba ni lilelile, utapata gala tupu kubwa.

Dawa ilikuwa plake. Wati 100 mahali pa 50: siku mbaya inaleta 100, lazima ya 95 inatoshelezwa, siku nzuri inaleta 280, televizio inaimba na bateri inajaa. Leo plake ndiyo sehemu rahisi ya vyombo vyote, na ikitunzwa inaishi miaka 20 na zaidi, wakati bateri ya risasi inakufa katika miaka michache. Kwa hiyo mwenye feza kidogo aiweke kwenye plake. Ununue kwa ajili ya siku mbaya ya mwezi wa kumi. Siku ya jua kali itajitunza yenyewe.

Ninaongeza kitu kimoja ambacho hesabu haionyeshi. Siku ya ukungu, mama asiulizwe na watoto kila dakika. Familia ipatane mapema: siku ambayo mlima haukuonekana mpaka saa sita, televizio inalala. Kanuni inasema hapana mahali pa mama.

BATERI INAYOKUFA NA NJAA

Bateri nyingi za Butembo hazifi na uzee. Zinakufa na njaa. Bateri ya risasi ikikaa siku nyingi bila kujaa, chumvi nyeupe ngumu inashika ndani juu ya risasi, na mahali palipofungwa hapapokei umeme tena. Ndiyo maana bateri kubwa yenye plake ndogo inakufa upesi kuliko bateri ndogo yenye plake ya kutosha.

Usitumie zaidi ya nusu ya bateri ya risasi. Kwa nyumba yetu ya 95 kwa usiku, tukitaka usiku mbili za akiba, ni 190. Kwa sababu ya kanuni ya nusu, bateri iwe ya 380. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampere-saa 32. Bateri ya 40 inatosha. Kijana mwenye kipimo cha volti anaweza kukuambia hali yake asubui, mbele ya jua kupanda na bila kitu kuwaka: 12,7 ni imejaa, 12,2 ni nusu, 12,0 ni hatari.

Bateri ya kamyo si ya kazi hii. Ilifanywa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kuamsha motere, kisha kujazwa mara moja. Ukiinyonya polepole kila usiku, inavunjika moyo. Na usifunge plake moja kwa moja kwenye bateri bila regilatere. Ni chombo kidogo, lakini ndicho kinachokataza kushiba kupita kiasi na njaa kupita kiasi.

Je, hapa baridi ina makosa? Kidogo tu. Bateri ya risasi inapoteza karibu asilimia 1 ya uwezo wake kwa kila nyuzi moja ya baridi chini ya 25. Canada, penye sufuri, ni hasara kubwa. Usiku wa Butembo, nyuzi 12 ao 13, ni kama sehemu moja ya kumi. Weka bateri ndani ya nyumba, juu ya ubao, penye hewa ya kutosha, mbali na kitanda na mbali na jiko, kwa maana inapojaa inatoa gazi inayoweza kuwaka. Kwenye bateri ya kufunguliwa, ongeza maji yaliyosafishwa ya bateri tu, si ya kisima.

Na ikikufa, usiwape watoto. Katika kareri nimeona vijana wanaovunja bateri za zamani kwa kuyeyusha risasi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya vumbi la risasi la bateri zilizovunjwa katika kartie yao. Mama waliwaweka watoto mgongoni wakati wa kazi. Rudisha bateri yako kwa muuzaji, wengine wanapunguza bei ya mpya.

UENDE SOKONI NA METRE

Kuna plake ambazo karatasi yake ya nyuma inadanganya. Imeandikwa 200, inatoa 80. Hauhitaji diplome kuzijua. Chukua metre ya fundi wa nguo. Plake nzuri sana ya leo, yenye metre moja ya mraba, inatoa kama wati 200, na hata zilizo bora kabisa sokoni hazipiti sana 250. Pima urefu na upana. Plake ya sentimetre 60 kwa 70 ni metre za mraba 0,42. Hata ingekuwa bora katika dunia yote haiwezi kupita karibu wati 105. Muuzaji akisema 200, mwambie kwa upole kwamba hesabu inakataa, na uende duka lingine. Wafanyabiashara wetu wanaoleta mizigo toka Dubai na China kupitia Mombasa na Kasindi wanajua vizuri tofauti hii; ni vizuri wanunuzi nao wajue.

KUIWEKA NA KUIOSHA

Kwetu jua la saa sita liko karibu juu ya kichwa, likielekea kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo plake ilale karibu sambamba, na mteremko kidogo, nyuzi 10 mpaka 15, ili mvua iteremke na vumbi. Hatuna theluji ya kutelezesha. Kama bonde lako lina ukungu kila asubui, elekeza mteremko upande wa magaribi. Kama mvua inakuja kila siku baada ya saa nane, elekeza upande wa mashariki. Faida si kubwa, lakini ni ya bure.

Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya plake na bati, hewa ipite. Kwa Beni neno hili lina maana kuliko Butembo.

Wengi wanaogopa wezi, basi wanatoa plake asubui na kuiegemeza kwenye ukuta. Ukuta unaiba kuliko mwizi: plake iliyosimama wima saa sita inaona mwanga kidogo sana. Ni afazali kuilaza juu ya mkeka wa matofali, ao kuifunga juu ya paa na bulo ambazo vichwa vyake vimevunjwa ili ufunguo usishike.

Wakati wa kiangazi, ioshe kila wiki mbili, na karibu na barabara kila wiki. Maji, kitambaa laini, asubui na mapema. Usimwage maji baridi saa sita juu ya kioo chenye moto, ni kosa lilelile la wale wa Ulaya, limegeuzwa tu. Mvua ya mawe isikuogopeshe sana: kioo cha plake nzuri kinajaribiwa na donge la barafu la milimetre 25 linalorushwa kwa mbio inayopita kilometre 80 kwa saa. Radi ndiyo ya kuogopa. Kabare, kule Kivu ya Kusini, ilihesabiwa mwaka 2016 kuwa mahali pa pili katika dunia yote kwa wingi wa radi. Mvua kubwa ikija, zima vyombo na uchomoe waya za televizio.

BARAFU YA KITUO CHA AFYA

Nimalize na chombo kimoja kinachonipendeza, kwa sababu kinaunganisha jua na barafu katika sanduku moja.

Tunakumbuka Ebola. Ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikakwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ikachukua watu zaidi ya 2200. Chanjo yake ilipaswa kukaa katika baridi kali sana, chini ya sufuri kwa nyuzi 60 na zaidi, na watu zaidi ya 300.000 waliipata. Chanjo za kila siku za watoto hazihitaji baridi ile. Zinahitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinakufa. Nyingine, kama ile ya pepopunda, zikigandishwa zinakufa pia.

Kwa vituo visivyo na umeme, kulikuwa na frigo za petroli, kisha frigo za plake na bateri. Bateri zilikuwa zinakufa, na frigo inakufa pamoja nazo. Sasa kuna frigo za jua zisizo na bateri. Plake inasukuma motere mchana, motere inagandisha maji ndani ya kuta za frigo, na ile barafu ndiyo akiba ya usiku na ya siku za ukungu. Shirika la Afya la Dunia linataka frigo ya namna hiyo iweze kutunza chanjo siku 3 kamili bila jua. Siku tatu: wameihesabu kwa siku mbaya, kama mama wa Bulengera.

Lakini siku hizo tatu ni za mlango uliofungwa. Kila mara mlango unapofunguliwa, baridi inamwagika chini kama maji. Wauguzi wanalijua, tatizo ni sisi wageni na wakubwa wa kijiji. Siku ambayo ukungu haukutoka, usimwombe muuguzi akuwekee chupa ya Fanta katika frigo ya chanjo. Akikukatalia, mshukuru.